Wauza dagaa sita kambini kwa Wamaasai: uzoefu wangu Longido

Nianze na bei, maana najua ndicho mtakachoniuliza kwanza. Kulala kambini ni shilingi 110,000 kwa kichwa kwa usiku, milo mitatu ndani yake, hiyo ni bei ya Mtanzania. Tulilala usiku mbili. Ukiweka na basi kwenda na kurudi, gesti ya Arusha na mchango wa gari la kuingia porini, kila mmoja wetu alitumia kama laki nne na nusu. Si hela ndogo kwa muuza dagaa, ndiyo maana naandika kirefu.

Sisi ni akina mama sita wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Anayejua biashara yetu anajua kwamba mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na soko linapoa kwa siku kadhaa. Hizo ndizo likizo zetu. Mwaka huu tulipovunja kikoba na kugawana, katibu wetu akasema safari hii twende mahali badala ya kununua vyombo tena. Serengeti tulishaiona, geti la Ndabaka si liko hapo njia ya Bunda. Kisiwa cha Saanane ndiyo usiseme, unaivuka kwa boti dakika chache na jioni umerudi kupika. Tukachagua kambi isiyo ya kampuni wala ya tajiri, ni ya kijiji chenyewe, huko ardhi ya Wamaasai, wilaya ya Longido, upande unaotazama Kilimanjaro. Kilichonivuta mimi hasa ni kutaka kujua watu wa kijiji kizima wanamilikije biashara moja bila kuvunjana vichwa.

Basi liliondoka stendi ya Nyegezi saa kumi na moja alfajiri: Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha usiku miguu imevimba. Kesho yake tukapanda Noah ya njia ya Namanga hadi Longido mjini, ambako gari la kambi lilitakiwa kutukuta saa tatu. Lilikuja saa sita na nusu. Dereva alipata pancha mbili, sawa, pancha ni pancha, lakini hakuna aliyepiga simu, na namba tuliyopewa ilikuwa moja tu na haipatikani. Ukienda, omba namba mbili, na moja iwe ya mtu anayekaa mjini. Kutoka hapo ni njia ya vumbi karibu saa mbili. Vumbi lenyewe ni la kijivu, laini kama unga, linaingia mpaka kwenye pochi iliyofungwa zipu.

Sasa nije kwenye zawadi. Mtu wa ziwani haendi ugenini mikono mitupu. Nilikuwa na sado mbili za dagaa wa kisiwa cha Goziba, waliokaushwa kwenye kichanja, hawajagusa mchanga, daraja la kwanza kabisa. Mwenzangu alibeba sato watatu wa moshi. Boma lililo jirani na kambi kuna bibi mmoja ambaye wageni wote hupelekwa kumsalimia. Tulikuwa tumefundishwa njiani: yeye akisema "Takwenya," wewe unajibu "Iko." Tukaitikia vizuri, akafurahi, nikamkabidhi mfuko. Akaufungua kidogo, akachungulia, akaufunga tena taratibu, akauweka mbali na alipokaa kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Kijana aliyekuwa akituongoza akajikaza asicheke. "Yeyo," akaniambia, maana ndivyo wanavyomwita mama, "bibi anashukuru sana. Ila kwake samaki ni nyoka wa majini." Tulicheka mpaka bibi naye akacheka.

Mahema ni mazuri kuliko nilivyotegemea: sakafu ya saruji, kitanda cha kweli, neti nzima. Choo ni cha shimo, kikavu, hakinuki. Maji ya kuoga unapewa ndoo moja ya lita ishirini iliyopashwa moto, inatundikwa juu, unafungua koki na kuomba yatoshe kuondoa sabuni. Hakuna ya pili. Tuliona maji hayo yanavyofika, mapipa mgongoni mwa punda, na wanawake nyuma yao, kwa hiyo hakuna aliyefungua mdomo kulalamika. Zipu ya hema la mwenzetu mmoja ilikuwa mbovu. Akaifunga kwa kanga na kukaa macho usiku kucha akimsikiliza fisi. Hilo nililisema kwa msimamizi, na jioni ya pili lilikuwa limeshonwa.

Chakula usiku wa kwanza kilitushinda. Mpishi ni kijana aliyesomea hoteli, akatuletea supu ya maboga, tambi, na karoti zilizokatwa kama njiti za kiberiti. Wasukuma sita, wenye njaa ya siku mbili za safari, tambi! Tukamwita. Akasema kwa adabu kabisa kwamba wageni wao hawali ugali, hivyo hawaweki unga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtalii wa ndani wanampenda kwa maneno, ila bado hawajamtarajia. Kesho yake pikipiki ilileta unga kutoka duka la kijijini, na tukanunua mbuzi kwa hela ya pembeni. Namna walivyomchoma, nyama imesimamishwa kwenye vijiti kuuzunguka moto, chumvi tu, sina la kusema.

Asubuhi ya pili ndiyo iliyolipa safari yote. Tulitembea kwa miguu, kijana mbele na mkuki wake, askari wa wanyamapori wa kijiji nyuma. Kufika mahali, kushoto kwetu ardhi imekwanguliwa, mawe na migunga mitupu. Kulia nyasi za magotini. Katikati hakuna waya, hakuna uzio, hakuna hata kibao. Nikamuuliza anayezuia ng'ombe wasivuke ni nani. "Wazee," akajibu. "Hii ni alalili." Akaeleza kwamba sehemu hiyo hufungwa mvua zikianza, nyasi zinatunzwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanaonyonyesha au walio dhaifu, na wazee ndio wanaoamua siku ya kuifungua. Ukiingiza mifugo kwa wizi unapigwa faini.

Mwenzetu wa Kwimba akapiga kelele, "Ngitili hiyo!"

Na kweli ni ngitili. Babu yake alikuwa nayo, na sisi wote tuliotoka Usukumani tunaijua: majani yanafungiwa masika, yanaliwa kiangazi. Yule kijana hakuwahi kusikia kwamba na Wasukuma wana kitu hicho, basi wakakaa chini ya mgunga wanalinganisha faini za babu wa huyu na za babu wa yule. Mama wa Kwimba akamhadithia jinsi ngitili zilivyokuwa zimekwisha kule Shinyanga mpaka mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 na watu wakaanza kufunga tena maeneo yao. Kijana akamwambia habari ya ukame wa 2021 na 2022: alalili ililiwa mpaka mizizi, na baba yake, aliyekuwa na ng'ombe sitini, akabaki na saba. Wakati wanaongea, nyuma yao swala twiga alisimama kwa miguu miwili ya nyuma akila majani ya juu, shingo ndefu kama imekopwa. Sikuwahi kumwona huyo Serengeti. Wanyama wanafuata majani yaliyotunzwa kwa ajili ya ndama, na wageni tunafuata wanyama. Biashara yao yote imekaa juu ya ile amri ya wazee. Twiga na tembo tuliwaona pia, ila kwa mbali, na anayetaka simba wa kupigwa picha dirishani aende hifadhini.

Jioni tukamtaka mhasibu wa kambi. Hakuzoea kuulizwa na wageni, lakini akaleta daftari. Karo za wanafunzi wa sekondari, posho za askari wa wanyamapori, ukarabati wa kisima, yote yameandikwa na stakabadhi zimepachikwa. Sisi kwenye kikoba sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo swali letu lilikuwa moja: nani ameshika funguo? Akasema fedha ziko benki, watia saini watatu. "Wanawake wangapi?" Mmoja. "Yuko wapi?" Yuko mnadani. Tukamwangalia. Kesho yake asubuhi yule mama alikuja mwenyewe, kwa miguu, na akatuthibitishia kila tulichosoma, akaongeza na mawili ambayo mhasibu hakuyasema kuhusu mkutano wa kijiji uliopita, ambayo hayanihusu kuyaandika.

Shanga jiandae. Akina mama wanatandaza vitu mduara mzima, wanakaa kimya na kukutazama, na hiyo ni mbinu kali kuliko kelele zote za Mwaloni. Mkufu ulioanzia 25,000 niliupata kwa 18,000, na nahisi niliachiwa tu kwa heshima ya wachuuzi wenzao. Hela hiyo haiingii kwenye daftari la kambi, inabaki kwa aliyeshona.

Wenye magoti mabovu wasijidanganye na yale matembezi, na usiku kuna baridi, beba sweta. Picha wanazotuma kwa simu zinaonyesha nyota kama mchanga. Sisi tulikwenda kwenye mbalamwezi kwa sababu ya dagaa, nyota hatukuziona, ila Kilimanjaro saa kumi usiku ilikuwa nyeupe kabisa na kivuli changu kilinifuata mpaka chooni.

Wiki iliyopita yule kijana alinipigia. Nikadhani ni habari za kurudi. "Yeyo, wale nyoka wako bibi aliwapa kuku, na kuku wanataga kweli kweli. Anaomba debe moja." Dagaa wangu wa kichanja! Nikamwambia wa kuku ni wale wa mchangani, bei nusu. Nimeshampakilia Nyegezi, na nauli ya mzigo amelipa bibi.