Tuisheni ya hesabu Kondele, Kisumu, nyota nne kutoka kwangu

Nimesoma hapa wiki sita sasa, jioni baada ya kazi, na naandika juu kuna watu wamekuwa wakiniuliza kama inafaa. Inafaa sana. Ni chumba kimoja tu juu ya hadwea, ubao mmoja, mwalimu mmoja, na wengi wetu ni watu wa diploma ya uhandisi wanaorudia ile pepa ya ekwesheni ambazo hazitatuliki kwa fomula, yaani unaanza kwa kubahatisha halafu unarekebisha mpaka jibu litulie.

Chuoni nilikariri hizo njia zote na sikujua hata moja inafanya nini. Hapa siku ya kwanza mwalimu alikusanya kalkuleta zetu akazifungia kwa droo. Akaandika 4,047 kwa ubao, hizo ni mita za mraba za ekari moja, akauliza, shamba likiwa skwea kabisa na unataka waya ya fensi, upande mmoja ni mita ngapi? Dada mmoja nyuma akasema 60. Haya, gawa 4,047 kwa 60, unapata 67.45. 60 ni ndogo, 67.45 imezidi, jibu liko hapo kati, chukua wastani, 63.725. Gawa tena, 63.507, wastani 63.616. Akafungua droo, tukabonyeza skwea ruti, 63.616. Mistari miwili! Mimi nimeshika kalkuleta tangu fomu wani na hakuna mtu alikuwa amewahi kunionyesha hiyo kitu inatoka wapi. Akatuambia Heron wa Alexandria kule Misri aliiandika karne ya kwanza, na kuna kibao cha udongo cha Babeli, sasa kiko Yale, kina zaidi ya miaka 3,600 na kimechorwa skwea na ulalo wake, skwea ruti ya 2 iko pale na ni sahihi mpaka desimali ya tano.

Lakini kilichonifanya nilipe mwezi wa pili ni friji. Nilikuwa nimechukua friji kwa duka fulani hapa mjini, keshi ni 30,000, mimi nikachukua ya kulipa 3,200 kila mwezi kwa miezi 12, jumla 38,400, na muuzaji akaniambia riba ni 28 kwa mia tu. Nikamwambia mwalimu, akasema leo tunafanya hiyo. Shida ni kwamba unapunguza deni kila mwezi, haukai na 30,000 yao mwaka mzima, na riba yenyewe huwezi kuitoa kwa fomula, lazima uitafute. Tukatumia baiseksheni, ile ya kukata nusu. Kwa 3 kwa mia kwa mwezi, malipo yangu yote ukiyarudisha kwa pesa ya leo yana thamani ya zaidi ya 30,000, kwa 5 yako chini, basi riba iko kati ya 3 na 5. Jaribu 4, inakuja 30,032, bado juu kidogo. Jaribu 4.5, inakuja 29,180, chini. Basi iko kati ya 4 na 4.5, kata tena, kata tena, mpaka tukafika 4.02 hivi kwa mwezi. Hiyo ni kama 48 kwa mwaka! Nilinyamaza kabisa. Baiseksheni ni polepole, kila hatua inapunguza nafasi nusu tu, lakini ukishapata juu na chini haiwezi kukupoteza.

Njia ya Newton nayo inakimbia. Unachora mstari unaogusa grafu pale ulipo, unaufuata mpaka ukate mhimili wa x, hapo ndio unaanzia tena, na ukishakaribia, tarakimu sahihi zinakuwa kama mara mbili kila hatua. Kumbe ile ya ekari ilikuwa Newton tu. Lakini mwalimu hakutuacha tuipende bure, alinipa x³ − 2x + 2 nianzie 0. Nikapata 1. Kutoka 1 nikapata 0. Halafu 1, halafu 0, hivyo hivyo. Akasema, "Kijana wangu, angalia −2 na −1 kwanza." Kwa −2 fankisheni ni −2, kwa −1 ni 3, basi ruti, yaani pale fankisheni ni sifuri, iko hapo kati, na ukianzia −2 Newton anafika −1.769 haraka sana. Siku hizi sianzi hesabu yoyote bila kutafuta kwanza alama inabadilika wapi kutoka toa hadi jumlisha au kinyume, na hiyo peke yake imenilipia karo.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya viti, tunakuwa watu 20 na benchi zinatosha kama 14, wengine wanaandikia mapajani, na stima ikipotea hakuna taa ya kutosha. Njia ya sekanti, ile ya kupitisha mstari kwa nukta mbili za grafu badala ya kuigusa kwa moja, pia aliikimbiza kwa nusu saa, ilhali ndiyo inakusaidia kama mteremko ni mgumu kupata. Ningependa airudie.

Ni shilingi 200 kwa kipindi, Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, Jumamosi saa tatu asubuhi. Beba kalkuleta yako na daftari ya skwea, na Alhamisi fika mapema, ndio siku inajaa.