Kushea mafaili na printa nyumbani baada ya apdeti ya Windows 11 24H2, uzoefu wangu

Kwetu mafaili yote yanakaa kwenye kompyuta ya mezani na printa imechomekwa hapohapo kwa USB, laptopu ya mke wangu inavuta kila kitu kwa WiFi. Yeye ni mwalimu, mitihani anatungia sebuleni na anaprinti hukohuko. Mambo yalienda safi mpaka laptopu ilipopokea 24H2, ile iliyotoka Oktoba 2024. Ukifungua folda unaambiwa sera za usalama za shirika lako zinazuia mgeni asiyejitambulisha, na hapo wengi wanachanganyikiwa maana nyumbani hakuna shirika lolote.

Kinachotokea ni kwamba Windows 11 toleo la Pro kuanzia 24H2 halikubali tena kuingia folda ya mtandao kama mgeni bila paswedi. Na mimi hilo naliunga mkono kabisa. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa dunia nzima kupitia SMB ya zamani, njia hiyohiyo ya kushea mafaili. Kwahiyo mtu akikwambia ingia registri, yaani setingi za ndani kabisa za Windows, uruhusu wageni tena, mkatalie, maana folda itabaki wazi bila paswedi na kila aliyepewa paswedi ya WiFi yako anaweza kuiona hiyo mitihani.

Dawa yake: kwenye kompyuta ya mezani nikatengeneza akaunti ya kawaida yenye paswedi, nikaipa ruhusa kwenye folda, halafu kwenye laptopu, pale juu kwenye File Explorer, nikaandika \\ na jina la kompyuta ya mezani, ikauliza jina na paswedi ya akaunti ile, nikajaza, nikatiki ikumbuke, basi. Ila sikilizeni hapa jamani, ndo watu wanapokwama: pini ya kufungulia kompyuta sio paswedi. Pini ni ya mashine yako tu, ukiijaza pale itakataa mpaka asubuhi. Na kwenye setingi za kompyuta ya mezani mtandao uwe Private, ukiwa Public kompyuta nyingine haziioni.

Printa ndo ilisumbua zaidi. Folda zimefunguka, yenyewe bado inasoma offline, nikaona kuipitisha kwenye kompyuta nyingine ni kujitafutia kesi, nikaichomeka kwenye ruta kwa waya wa mtandao na laptopu ikaiongeza kwa anwani yake ya IP, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Sasa hata kompyuta ya mezani ikizimwa tunaprinti. Shida ni umeme, ukikatika ukarudi ruta inaweza kuipa printa anwani nyingine, laptopu inaendelea kutuma kule kwa zamani, kazi zinarundikana kwenye foleni na unadhani apdeti imeharibu tena kumbe wala. Ingia kwenye setingi za ruta uifungie printa anwani moja ya kudumu. Foleni ikishaganda, ristati Print Spooler, ile inayosimamia foleni ya kuprinti, kwenye Services za Windows.

Mimi bado naukubali sana huu utaratibu wa kushea kwa mtandao wa nyumbani. Kwa nyumba yenye kompyuta mbili tatu, sioni sababu ya kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi na kuunguza bando ili tu faili litoke chumbani lifike sebuleni.