Dawa ya Rimu Inayogeuka Zambarau: Uzoefu Wangu na Toyota Fielder Hapa Nakuru

Kama rimu zako za mbele zina vidoa vya kahawia ambavyo shampuu haitoi, dawa hii itavitoa. Kama shida yako ni lami au matope ya barabara za Njoro, utakuwa umemeza dawa ya ugonjwa mwingine.

Vumbi la breki lina chembe nyingi za chuma zinazokwanguka kwenye diski na pedi. Hurukia rimu zikiwa moto, hujichimbia kwenye vanishi, zikipata unyevu zinaota kutu humo humo. Ndiyo maana ukisugua unachubua vanishi na doa linabaki. Dawa hii ina thayogilikoleti, kemikali inayokamata chuma na kukiyeyusha, na rangi ya zambarau ndiyo ishara kwamba imekipata. Inanuka kama yai viza, kwa hiyo fanyia kazi nje, na uvae glavu. Tafuta lebo inayosema pH iko karibu na 7, yaani dawa si asidi wala alkali. Wanaoosha rimu kwa asidi ya choo wanazing'arisha leo, baada ya muda aloi inakuwa nyeupe kama chokaa na haing'ai tena.

Rimu lazima iwe baridi. Anayetoka Mau Summit akishuka Sachangwan hadi Salgaa anafika na diski za moto kabisa. Dawa ikimwagwa hapo inakauka papo hapo na kuacha michirizi, na maji baridi ya ghafla si rafiki wa diski. Ngoja hadi uweze kuweka kiganja kwenye rimu bila kukitoa. Epuka pia jua la mchana.

Osha kwanza kwa maji na shampuu, maana dawa ikikuta matope juu haifiki kwenye chuma. Kisha puliza mililita 60 hadi 80 kwa rimu ya inchi 15, subiri dakika 3 hadi 5, sugua kwa brashi laini hasa nyuma ya spoku, halafu suuza kwa maji mengi kabla haijakauka. Ukitumia maji ya kisima, futa mara moja kwa kitambaa, la sivyo yanaacha madoa meupe. Maji ya mvua ni bora. Usifanyie kazi hii kando ya mtaro: maji ya mitaro mingi ya mji huu yanaelekea Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kutoka.

Kwa kipimo hicho chupa ya mililita 500 inafikisha mizunguko miwili ya magurudumu manne kwa shida, au haifikishi kabisa. Lakini Fielder nyingi za injini ya lita 1.5 zina breki za dramu nyuma, na dramu hufungia vumbi lake ndani. Mimi napuliza mbele tu, nyuma shampuu inatosha. Tena si kila wiki. Kila baada ya miezi mitatu hivi.

Kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ndiyo inayowachanganya wengi. Kalipa na diski za magari haya ni chuma cha kusubu, kwa hiyo ukizipulizia dawa zitageuka zambarau kila mara, hata zikiwa safi. Huo si uchafu. Ukiendelea kupuliza unakula chuma chenyewe na pesa zako. Kalipa inataka brashi ngumu ya plastiki, maji ya vuguvugu na shampuu, basi.

Ili kuifikia kalipa, legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa chini, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua, kisha simamisha gari juu ya stendi na utoe gurudumu. Jeki peke yake haiaminiki. Lowesha kwanza, usipulize vumbi kavu kwa kompresa, maana litaishia kwenye mapafu. Mpira unaozunguka pistoni na ile midogo ya pini za kutelezea ndiyo roho ya kalipa: ikichanika, maji na mchanga vinaingia, pini zinakwama, na pedi moja inaisha kabla ya mwenzake. Kwa hiyo usisogeze bomba la presha karibu. Petroli, dizeli na oili chafu, ambazo mafundi wengine wanapenda, zinavimbisha mpira, na oili ikigusa pedi, pedi hiyo ni ya kutupa. Dawa ya kupuliza ya breki ni nzuri kwa diski, lakini inabandua rangi ya kalipa iliyopakwa.

Ukimaliza, rudisha gurudumu na nati kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa mkato wa msalaba hadi nyutoni-mita 103. Zunguka mtaani polepole ukikanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Utando wa kutu utakaouona kwenye diski asubuhi utafutika kwa kukanyaga breki mara chache.

Madoa meusi yakibaki baada ya mizunguko miwili, vanishi imeshakufa. Peleka rimu kwa fundi wa rangi, usinunue chupa nyingine.