Vitabu vya upelelezi vya Kibuye: hesabu peji kabla utoe pesa

Mimi sio mtu wa vitabu vya mapenzi wala vile vya kukufundisha utajirike, mimi ni wa maiti. Maiti ikishapatikana mapema na kuna watu saba kwa nyumba na kila mmoja ana sababu, hapo nasahau hata ugali kwa moto. Kwa hivyo haya ni maoni yangu kuhusu yule mzee wa vitabu kuukuu pale soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, na pia kuhusu vitabu vyenyewe, ju siwezi kutenganisha, karibu vyote nilivyosoma miaka minne hii vimetoka kwa turubai lake.

Hana kibanda. Ni turubai la bluu chini, kati ya viatu vya mitumba na sufuria, vitabu vimelazwa na wewe unainama mpaka kiuno kilie. Vya shule viko mbele ju ndio vinamlisha. Vya upelelezi viko nyuma karibu na kiti chake, na lazima uombe ruhusa kupita. Bei ni mia mpaka mia mbili kulingana na kava, sio kulingana na kilichoandikwa ndani, na hii ndio kitu napenda zaidi kwake. James Hadley Chase yenye msichana na bastola kwa kava alitaka 200 na hashuki, halafu Mzimu wa Watu wa Kale, kava limechanika na limeshikwa na selotepu, akanipea kwa 100 kama mtu anayetupa. Ukirudisha kikiwa sawa unaongeza 50 unachukua kingine.

Sasa hicho cha mia ndio bora kuliko vyote nilivyowahi kubeba kutoka hapo. Mwandishi ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichapishwa 1960, na bado kiko imara. Maiti inakutwa penye mzimu, watu wanaanza kunong'ona mambo ya mashetani, halafu mpelelezi, Bwana Msa, anakuja na kiko chake, anavuta polepole, anauliza vitu vinavyoonekana vya kijinga na rafiki yake Najum yuko hapo kando haelewi kitu, kama mimi na wewe tu. Watu husema huyu ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Waingereza, amevaa kanzu, na hawajakosea sana, kiko ni kile kile na rafiki wa kuulizauliza ni yule yule. Lakini Holmes hana zile salamu na mizunguko ya Kiswahili cha Unguja, mtu anakudanganya kwa adabu mpaka unamshukuru. Mimi wa huku Kiboswa ilibidi nisome polepole, kuna maneno nilipigia simu shemeji yangu wa Mombasa. Na ilinishika zaidi ju kwetu mtu akifa ghafla, kabla matanga yaishe watu washajua ni nani alimroga na kwa dawa ya wapi. Bwana Msa hagombani na mtu kuhusu mizimu, yeye anataka tu kujua nani alikuwa wapi saa ngapi.

Kuna padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, naye alikuwa anaandika hizi hadithi, na mwaka wa 1929 alitoa amri zake kumi za vitabu vya upelelezi. Mpelelezi asiwe ndiye muuaji. Asiokolewe na bahati. Pacha asichomoke mwishoni kama hatukuandaliwa. Njia ya siri kwa nyumba isizidi moja (hii hunichekesha kila nikiikumbuka, yaani moja ni sawa). Na ile kubwa, kwamba dalili yoyote anayoiona mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe hapo hapo. Mimi napima kila kitabu na hii tu. Nikifika mwisho niambiwe kumbe kulikuwa na barua kwa mfuko wa koti ambayo hakuna mtu alinionyesha, nahisi kama nimeibiwa kwa stage.

Kwa hicho kipimo Agatha Christie anapita bila kutoa jasho. Huyu mama alifanya kazi ya kutoa dawa hospitalini wakati wa vita vya kwanza vya dunia, ndio maana sumu anazijua kama vile mama samaki wa Dunga anajua mbuta. The Murder of Roger Ackroyd, cha 1926, nilikimaliza saa nane usiku, stima imepotea, nikarudi peji ya kwanza na tochi ya simu kutafuta mahali alinidanganya. Hakuna. Alikuwa ameniambia kila kitu na macho yangu mwenyewe yakakataa. Siongezi neno hapo. Kasoro yake ni kwamba watu ni wengi na wote wana majina ya kufanana, mimi huandika orodha nyuma ya risiti ya duka, na yule mpelelezi wake Mbelgiji, Poirot, ana majivuno mpaka kuna siku natamani akosee mara moja tu.

Elvis Musiba wa Tanzania watu wa Kibuye wanampenda sana, ukichelewa unakuta vitabu vyake vimeisha. Kufa na Kupona cha 1974 ni kitamu, jasusi wake Willy Gamba anatoka Dar anakuja mpaka Nairobi kufuata nyaraka zilizoibiwa, lakini tusidanganyane, hiyo sio fumbo, hiyo ni mbio. Willy Gamba anapiga ngumi kwanza ndio anafikiria. Joram Kiango, mpelelezi wa vitabu vya Ben Mtobwa, yuko katikati hivi, anafikiria kidogo halafu anapiga. Hadley Chase naye ni Mwingereza aliyekuwa anaandika hadithi za Marekani akitumia ramani na kamusi ya maneno ya mtaani, na haionekani kabisa, bunduki zinalia vizuri tu. Nikipanda matatu Kibuye nakianza, nikifika Kiboswa nishavuka nusu, kesho yake sikumbuki nani alimuua nani.

Na Petals of Blood ya Ngũgĩ, mzee wa turubai huweka kwa vya shule. Nimemwambia mara tatu akihamishe nyuma. Kinaanza na watu watatu wakubwa wamekufa kwa moto, washukiwa wanne, na Inspekta Godfrey. Kama hiyo sio ya upelelezi basi sijui.

Haya, lalamiko. Mwaka jana mzee alinipea Death on the Nile ya Christie kwa 150. Nikasoma wiki nzima kwa mate, bibi harusi tajiri kapigwa risasi kichwani usingizini ndani ya meli, nimewaandika wote kwa risiti, Poirot amewaita anaanza kueleza, nafungua peji ifuatayo, napata kava la nyuma. Peji zote za mwisho hazipo, gundi iliachia kitambo. Sikulala vizuri.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Kibuye kabla hajatandika turubai. Nikamwonyesha. Akaangalia, akavua miwani, akasema, "Pole mwalimu." (Mimi sio mwalimu, kwake yeyote mwenye miwani ni mwalimu.) Akasema pesa harudishi, lakini hiyo hadithi anaijua, ataniambia nani aliua. Nikasema haya.

"Ni yule daktari."

"Kwa nini?"

"Daktari ana sumu."

"Mzee, huyo mama alipigwa risasi."

Akanyamaza, akauzia mtoto kamusi, akapokea pesa, akahesabu chenji. Halafu akanigeukia, "Ndio. Lakini daktari ndiye anajua pa kupiga."

Na mimi nikaamini! Miezi mitano nimetembea nikijua ni daktari, hata nimebishana na watu kazini. Halafu rafiki yangu wa Nakuru akaniazima nakala nzima, sio daktari, wala hakaribii. Mzee hakuwa amekisoma hata peji moja, alikisia tu hapo hapo akiwa anatafuta chenji.

Bado naenda kwake, nitaenda wapi. Nyota namwekea nne kwa vitabu na moja kwa kurudisha pesa. Jumapili iliyopita nimemwagiza Kisima cha Giningi, kingine cha Bwana Msa, akasema kuna mtu anamletea mzigo kutoka Mombasa. Nikamwambia safari hii nitahesabu peji mbele yake, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Hesabu tu, mwalimu. Ikikosa mwisho si mimi niko."