Uzoefu wangu: breki ya mbele inakwaruza, nimebadilisha pedi mara mbili kumbe shida ni pini za kalipa

Jamani niwaeleze hii maana imenipotezea karibu miezi miwili na pedi seti nzima. Pikipiki yangu ina diski moja mbele na kalipa (kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski) ya kuteleza, ile yenye pistoni ya kusukuma pedi upande mmoja tu.

Ilianza na mlio mdogo nikikaribia kusimama, kama mtu anakwangua sufuria kwa kijiko. Nikadhani ni mchanga, na kweli kuna wakati kijiwe kinanasa kati ya pedi na diski kinakwaruza hivohivo alafu kinatoka chenyewe. Hiki hakikutoka. Ule mlio mwembamba kama filimbi ni kitu kingine, huo mara nyingi ni vumbi la pedi au uso wa pedi umeshakua kama kioo, ila mkwaruzo mzito ambao unausikia mpaka kwenye vidole ukivuta breki, huo uogope, mara nyingi nyama ya pedi imeisha na chuma kinasaga diski.

Fundi wa kwanza akatoa pedi, akaweka mpya, akafunga, dakika kumi tu nikaondoka. Mkwaruzo ukapungua. Baada ya mwezi na nusu hivi ukarudi, tena vibaya kuliko mwanzo.

Fundi wa pili hakushika spana kwanza, aliniuliza maswali. Inakwaruza ukishika breki au hata ukiachia? Ikipata moto inazidi? Akainua gurudumu la mbele akalizungusha kwa mkono, likaenda kizito nusu mzunguko likasimama huku linasugua, na mi breki sijaigusa kabisa. Akafungua kalipa akaining'iniza pembeni kwa waya ili hosi isibebe uzito, akazungusha tena, kimya, linazunguka lenyewe vizuri. Kwa hiyo beringi na gia ya spidomita zikatoka kwenye lawama, hapo ndo nilipomwamini. Akalitikisa na kushoto kulia kuhakikisha, halina mchezo.

Alafu akanionesha pedi. Ya upande wa pistoni imeisha hadi chuma, mwenzake bado nene! Nilikua nimezitunza zile za kwanza kwenye boksi la spea, nilivofika nyumbani nikazitoa nikaziangalia, nazo vilevile, moja imeisha moja nzima. Yaani jibu lilikuepo tangu siku ya kwanza mkononi mwa yule fundi na hakuliangalia, na hilo limeniuma sana kwasababu breki ya mbele ndo inayokusimamisha kwa sehemu kubwa.

Sababu yake ni hivi: kalipa ya aina hii inatakiwa iteleze kwenye pini zake ili pedi ya pili nayo ivutwe kwenye diski. Pini zikikauka grisi na kushika kutu, kalipa haiendi wala hairudi vizuri, pedi moja inafanya kazi yote na inabaki inasugua hata ukiachia. Akazichomoa, akazisafisha, akabadilisha mipira yake, akapaka grisi ya silikoni ya breki, siyo grisi ya kawaida maana hiyo inaharibu mipira. Pistoni akazisafisha kabla ya kuzirudisha ndani, huku anaangalia kikopo cha mafuta ya breki kisimwagike, yale mafuta yanakula rangi. Diski ilikua na mikwaruzo ila akaipima palipochimbika zaidi, ikawa 3.8 mm, na kwenye diski yangu kiwango cha chini kimeandikwa palepale 3.5, kwa hiyo ikabaki.

Sasa pedi zenyewe. Safari hii nimechukua zile za unga wa chuma uliochomwa (sinta), baada ya kuhakikisha diski yangu inazikubali. Kwenye mvua zinashika vizuri kuliko za kawaida nilizokua nazo, tofauti unaiona kabisa. Asubuhi zikiwa baridi zinalia kidogo alafu zinanyamaza, na inajulikana zinakula diski haraka zaidi, kwa hiyo kama unaendesha polepole tu chukua za kawaida. Na ukishafunga, pampu mkono wa breki mpaka uwe mgumu KABLA hujaondoka, mara ya kwanza unaenda mpaka mwisho bila kushika chochote. Safari za mwanzo punguza mwendo taratibu mara nyingi, usikamate breki ghafla, zinahitaji kuzoeana na diski.

Pedi nazipa 4 kwa 5, huo mlio wa asubuhi ndo umekula moja. Fundi wa pili 5 kwa 5. Juzi nimezifungua nikazipima nikiwa nimeshatembea kilomita 1,500 tangu pini zisafishwe, zote mbili zimeisha sawasawa, na gurudumu ukilizungusha halisugui.