Tathmini ya Etymonline: Nilipotafuta Asili ya Neno 'forge'

Mwaka jana nilikabidhiwa kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza jalada la mgogoro baina ya mwenye kinu cha kukamulia miwa na mtu aliyemuuzia vipuri. Dai lenyewe halikuwa gumu kulielewa: shafti iliyouzwa kwa maelezo kwamba ni ya chuma kilichofuliwa ilikatika kabla ya msimu kwisha, na cheti cha ubora kilichoambatanishwa nayo kikabainika kuwa cha kughushi. Ugumu ulikuwa katika Kiingereza chake, kwa sababu shafti na cheti vyote viwili vilielezwa kwa neno moja, 'forged', na mahali pengine vilikutana ndani ya sentensi moja. Rasimu yangu ya kwanza, niliyoiandaa usiku kwa msaada wa programu ya kutafsiri, ilimfikia mteja ikiwa na 'shafti ya kughushi' katika aya ya nne. Mteja, mhandisi mstaafu, alinipigia simu akaniambia kwa upole: "Mwalimu, shafti hii haikughushiwa. Tunacholalamikia ni kwamba haikufuliwa."

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nikae na Etymonline kwa siku tatu, na tathmini hii imetokana na siku hizo pamoja na mwaka mzima wa kuitumia baadaye. Nimeipima kwa neno hilo hilo lililoniaibisha.

Etymonline, ambayo jina lake kamili ni Online Etymology Dictionary, ni kamusi ya bure ya asili za maneno ya Kiingereza. Haitafsiri, wala haikusudii kuorodhesha kila maana ya neno kama kamusi za kawaida. Kazi yake ni kueleza neno lilitoka lugha gani, lilianza kuonekana lini katika maandishi, na maana yake ilihama vipi kutoka karne moja hadi nyingine. Aliyeianzisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni Douglas Harper wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Kwa kazi iliyojengwa kwa sehemu kubwa na mkono wa mtu mmoja, upana wake unashangaza, na hata pale nitakapoilaumu hapa chini naomba msomaji akumbuke hilo.

Ukiandika 'forge' katika kisanduku cha kutafutia, huletewi aya moja ndefu yenye kila kitu, bali vidahizo, yaani maingizo ya kamusi, vinavyojitegemea: nomino peke yake, kitenzi cha kwanza peke yake, na kitenzi cha pili ambacho kimetengwa kwa sababu nitakayoieleza. Utaratibu huu nimeupenda tangu mwanzo. Kamusi nyingi za mfukoni huyarundika haya yote mahali pamoja, na mtafsiri mwenye haraka huokota maana ya kwanza anayokutana nayo, kama nilivyookota mimi.

Kidahizo cha nomino kinasema kwamba neno hili liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 13 kwa maana ya karakana ya mhunzi, likitokea Kifaransa cha kale, nacho kilikuwa kimelipata kutoka neno la Kilatini 'fabrica', yaani mahali pa kufanyia kazi ya ufundi. Nyuma ya 'fabrica' yupo 'faber', fundi. Natumia neno letu fundi kwa makusudi, kwa sababu linamfaa 'faber' kuliko maneno mengi ambayo Kiingereza chenyewe kimejaribu kumpa. Waroma walimwita mfanyakazi wa chuma 'faber ferrarius' na seremala 'faber tignarius', sawasawa na sisi tunaposema fundi chuma, fundi seremala, fundi bomba: jina moja la heshima ya mikono, kisha kielezi cha kitu anachokishughulikia. Ni katika safari ya kupitia Ufaransa ndipo neno la karakana lilipojifunga zaidi na moto, nyundo na chuma. Mafundi hao wameacha alama katika majina ya ukoo pia, kwani Lefèvre wa Kifaransa na Fabbri wa Kiitaliano ni watoto wa 'faber', na mfua dhahabu wa Kifaransa, 'orfèvre', ni fundi huyo huyo aliyeongezewa dhahabu mbele ya jina lake.

Waingereza, kwa upande wao, walikuwa na wahunzi wao muda mrefu kabla ya neno hili kufika. Neno 'smith' ni la asili ya Kijerumaniki, yaani familia ya lugha ambayo Kiingereza chenyewe kimo, na lilikuwepo kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Kwa hiyo mhunzi alibaki na jina lake la zamani, ila karakana yake ikapewa jina jipya la Kifaransa. Kamusi haikuandika hivyo kwa uwazi. Inakupa vipande katika kurasa mbili tofauti na kukuachia kuviunga mwenyewe.

Sehemu iliyonifaa zaidi ni kidahizo cha kitenzi cha kwanza. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba historia ya neno lazima ilianza na chuma, kisha baada ya karne kadhaa mtu fulani akalitumia kwa mzaha juu ya saini za uongo, na mzaha ukazoeleka. Etymonline ilinivunjia dhana hiyo kwa mistari michache. Maana ya kughushi barua au hati inatajwa tangu takriban mwaka 1300, yaani miongoni mwa matumizi ya mwanzo kabisa ya kitenzi hicho katika Kiingereza. Sababu ni kwamba Kifaransa cha kale kilikuwa tayari kinalitumia kwa kufua chuma, kuunda, kujenga na kudanganya, vyote kwa pamoja, na hata 'fabrica' ya Kilatini iliweza kumaanisha hila iliyobuniwa kwa ustadi. Neno lilivuka bahari likiwa limekwisha kubeba mizigo yake yote miwili. Viungo vya ukurasa huo vinakupeleka kwa ndugu zake, na huko unakuta jambo lile lile likijirudia: 'fabricate' lilianza kwa kuunda kitu, na katika karne ya 18 likapata maana ya kutunga uongo, ilhali 'fabric' lilitoka kwenye jengo na kitu kilichoundwa hadi likaishia kwenye kitambaa.

Mtu anayesoma haya kwa Kiswahili hawezi kuacha kulinganisha. Lugha yetu iliwatenga mhunzi na mdanganyifu kabisa. Kufua ni kupiga: chuma hufuliwa juu ya fuawe, nguo zilifuliwa kwa kupigwa juu ya jiwe, na dafu hufuliwa kwenye kifuo, ambapo asiyeweza kazi hiyo ndiye tunayemwambia kwamba hafui dafu. Hakuna hila ndani yake. Kughushi kulitoka kwingine, katika neno la Kiarabu la udanganyifu na uchanganyaji wa bidhaa mbovu na nzuri, na halijawahi kukaribia moto wa mhunzi. Kifungu cha 333 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinalifafanua kosa hili kwa Kiingereza kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na mtafsiri wa kifungu hicho hahitaji kufikiri mara mbili. Anayehitaji kufikiri ni yule ambaye katika aya inayofuata anakutana na shafti.

Kwa shafti, asili ya neno inasaidia lakini haitoshi, na hapa nilitoka nje ya kamusi. Chuma cha kufuliwa hupashwa moto hadi kilainike bila kuyeyuka, kisha hupigwa au hukandamizwa mpaka kishike umbo. Chuma cha kusubu huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Katika kufua, chembechembe za chuma hulala kufuata umbo la kitu, ndiyo maana shafti iliyofuliwa huvumilia kuzungushwa na kushtuliwa kuliko iliyosubiwa. Etymonline haikuelezi hayo, na haikujifanya itakueleza.

Sasa lawama. Ya kwanza na kubwa ni kwamba kamusi hii hukupa tarehe bila ushahidi. Inaposema takriban mwaka 1300, haionyeshi sentensi yenyewe iliyoandikwa, haimtaji mwandishi, haisemi hati hiyo ilikuwa ya mahakama au ya kanisa. Tarehe hizo zina maana moja tu: kwamba huo ndio wakati wa maandishi ya kale zaidi yaliyosalia na kujulikana. Watu walikuwa wakitamka neno kabla ya hapo, pengine kwa miaka mingi. Maelezo hayo yapo katika ukurasa wa utangulizi, ambao sidhani kama mtumiaji mmoja kati ya kumi anaufungua, na matokeo yake mitandao imejaa watu wanaotangaza kwamba neno fulani 'lilizaliwa' mwaka fulani.

Anayetaka ushahidi itabidi aende Oxford English Dictionary. Hii ni kazi ya kimo kingine: sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 chini ya mhariri James Murray, toleo la kwanza likakamilika mwaka 1928, toleo la pili la mwaka 1989 likajaza majuzuu 20, na tangu mwaka 2000 imekuwa mtandaoni ikiendelea kurekebishwa. Kila maana ina nukuu zake, zimepangwa kwa miaka, na msomaji anaweza kuhukumu mwenyewe kama mhariri amezielewa vizuri. Tatizo ni ada. Asiye na chuo au maktaba inayomlipia hubaki mlangoni akitazama muhtasari, na kwa mtafsiri wa kujitegemea wa Dar es Salaam anayelipwa kwa ukurasa, ada ya mwaka ya kamusi moja ni uamuzi wa kifamilia. Nilisoma kidahizo chake kamili katika maktaba ya chuo kwa hisani ya rafiki, nikaridhika kwamba Etymonline haikunipotosha katika neno hili. Ilichonifanyia ni kunipa hukumu bila mwenendo wa kesi.

Lawama ya pili ni ndogo zaidi lakini huwasumbua wanafunzi wangu. Kidahizo kinaporudi nyuma ya Kilatini, hukutana na umbo lenye nyota mbele yake, '*dhabh-', linaloelezwa kuwa na maana ya kuunganisha vitu vikaoana. Nyota hiyo ina maana kwamba umbo hilo halijapatikana katika maandishi yoyote. Wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha ndugu. Mwanafunzi asiyeijua desturi hiyo hulichukua kuwa ni neno lililopata kuandikwa na watu wa kale. Hata hivyo ukurasa wa mzizi huo ni burudani: ndani yake 'forge' anakaa nyumba moja na 'deft', mwenye wepesi wa mikono, na 'daft', mpumbavu. Sikuwa na shida yoyote ya kikazi na habari hiyo, lakini nilipoteza nayo nusu saa kwa furaha.

Pahali ambapo kamusi hii ilinipa imani zaidi ni kwenye kitenzi cha pili, kile cha kusonga mbele. Kiingereza husema mtu au chombo kina-'forge ahead', na ni rahisi mno kubuni hadithi ya mhunzi anayepiga nyundo bila kuchoka. Etymonline inalitaja neno hilo katika karne ya 17 kama neno la mabaharia juu ya mwendo wa meli, kisha inakiri kwamba asili yake haijulikani: huenda ni 'force' lililoharibika matamshi, huenda ni mhunzi kweli. Kamusi inayokubali kusema 'huenda' ina thamani, hasa katika uwanja huu ambapo kila mtu ana hadithi tamu ya kumsimulia mwenzake.

Kuhusu matumizi ya kila siku sina mengi. Kurasa ni za maandishi zaidi kuliko picha, hivyo hazili bando sana. Matangazo yapo na huudhi kidogo kwenye simu yenye kioo kidogo. Viungo kati ya vidahizo ndivyo vinavyoifanya kamusi iwe hai. Ninachokitamani ni chombo cha namna hii kwa Kiswahili. Padri Charles Sacleux alijitahidi kutaja asili za maneno mengi katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, lakini mwalimu wa sekondari wa leo akitaka kujua kama kufua nguo na kufua chuma ni neno moja au mawili, hana kisanduku cha bure cha kuliandika na kusubiri jibu.

Jalada lile nililikamilisha. Shafti ikawa ya kufuliwa, cheti kikawa cha kughushi, na mteja hakupiga simu tena hadi siku ya kulipa. Katika ukurasa wa mwisho kabisa wakili alikuwa ameandika kwamba pande zote mbili bado zina nia ya 'to forge' makubaliano nje ya mahakama. Niliisoma sentensi hiyo mara nne, nikarudi Etymonline, nikarudi kwenye jalada, kisha nikaandika 'kufikia mwafaka' na kufunga kompyuta.