Kidude cha kupimia gari cha Kariakoo: kinachosema na kisichosema

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina hiki hapa, ELM327 ya Bluetooth, kidude cha kusomea makosa ya gari kwa simu. Kariakoo vimejaa, na bei inategemea mdomo wako.

Kinachomekwa wapi? Upande wa dereva, chini ya dashibodi. Pitisha mkono juu ya pedeli, utagusa tundu lenye nafasi za pini 16. Hilo ndilo la OBD, yaani mfumo wa gari kujipima makosa yake. Marekani walililazimisha kwa magari ya modeli ya 1996 kuendelea, Ulaya wakafuata 2001 kwa ya petroli. Yetu mengi yametoka Japani, na hapo fungua macho: gari la Japani la miaka ya mwanzo ya 2000 linaweza kuwa na tundu hilohilo lakini kompyuta yake inaongea kwa utaratibu wa kiwanda. Kidude kinawaka, simu inagoma kuunganisha. Kwa hiyo jaribu kwenye gari lako mwenyewe kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa, duka la pili liko palepale.

Haya, nimeweka swichi on. Simu ikiomba namba ya siri, weka 1234, halafu fungua programu. Mimi natumia Car Scanner, ya bure inatosha.

Taa ya injini imewaka, tunasoma... P0302. Herufi P ni injini na gia. Sifuri ni kosa la kawaida la magari yote, sio la kampuni moja. Tatu inahusu uwashaji, na 02 ni silinda ya pili. Yaani silinda ya pili inamisi, mafuta hayawaki sawasawa ndani yake. Basi! Hakuna mahali imeandikwa "nunua koili", yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme mkali, ila ukifika gereji na namba hiyo unaweza kuambiwa ulete koili zote nne. Tulia. Kwenye gari ambalo kila plagi ina koili yake, toa koili ya silinda ya pili, badilishana na ya tatu, futa kosa, zungusha gari mtaani. Likirudi P0303, mwizi umemkamata, nunua koili moja. Likibaki P0302, koili haina kesi, hamia kwenye plagi, halafu nozeli inayopuliza mafuta.

P0420, kosa la masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) kuonekana hayasafishi vizuri, ni vilevile. Wengi wakiiona wanang'oa masega. Inaweza kuwa ekzosi inavuja au sensa imechoka.

Ila kwangu mimi, hela ya kidude hiki inarudi kwenye vipimo vya moja kwa moja. Gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, na taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Hapa unaona digrii zenyewe. Injini nyingi zikishapata moto hukaa kati ya 85 na 95. Sasa tazama hii: kwenye foleni ya Ubungo inafika 90, barabara ikifunguka inashuka mpaka 68. Gari namna hiyo, uliza kama thamostati ipo, ile vali inayozuia maji ya injini yasipoe kupita kiasi. Mafundi wetu wanapenda kuitoa eti Dar kuna joto. Kompyuta ikiona maji ni ya baridi inadhani injini haijapata moto, inaongeza mafuta, wewe unalalamikia kituo cha mafuta.

Umeme nao: injini ikiwa inanguruma, kwa gari nyingi utaona kama volti 13.5 hadi 14.5. Ikikaa 12 na kitu, kacheki jenereta na mkanda wake kabla hujailaumu betri.

Vya kuangalia. Pini ya 16 inapata umeme wa betri muda wote, hata ukitoa ufunguo. Gari linalolala siku nyingi, chomoa kidude. Na kabla hujafuta kosa, piga picha ya kioo cha simu, pamoja na ule ukurasa wa hali ya injini wakati kosa linajiandika: spidi, joto, mzunguko. Ukifuta, vyote vinaondoka, na fundi anabaki kubahatisha.

Taa za ABS (breki zisizokwama) na eabegi, hiki cha bei chee usikitegemee. Tafuta fundi mwenye mashine kamili.

Wenye iPhone, Bluetooth ya aina hii haitawakubali. Ombeni ya waifai.